Maboksi Mia Tatu na Kumi na Mawili

Sura ya Tisa

A-Wen aliikunja orodha mara nne, akaikunjua, akaikunja tena. Alikuwa amesimama kibarazani kwa Mama Yen, mbele ya duka lake la keki pale mjini Luodong, koti lake la mvua likichuruzika maji na moyo ukimwenda mbio utadhani hajawahi kusimama mbele ya watu. Yeye, ambaye kila siku saa sita mchana wilaya nzima humwona kwenye televisheni akila chakula kwenye nyumba za watu! Yeye aliyewahi kukimbizwa na bata watatu mbele ya kamera na bado akaendelea kutangaza! Leo kizingiti cha mlango mmoja kilikuwa kimemshinda.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Alikuwa Po-hsun, mchumba wake, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Utaingia, au unasubiri mvua ikatike?"

"Mvua ya huku nikiisubiri ikatike si nitazeeka?"

"Zeeka tu, lakini ndani." Akamtazama kwa yale macho yake ya taratibu, macho ya mtu aliyezoea kusubiri vitu viumuke. A-Wen akajikuta anatabasamu bila kutaka. Miezi kumi na minne sasa, na bado akitazamwa hivyo husahau alichotaka kusema.

"Mama yukoje leo?" alinong'ona.

"Amekaa kwenye kiti."

"Nakuuliza hali yake, wewe!"

"Amevaa sweta la sherehe."

Loo! Sweta la sherehe. Basi mambo yalikuwa makubwa kuliko alivyodhani. A-Wen alivua koti, akalitundika msumarini, akapangusa mikono kwenye sketi na kuingia.

Mama Yen alikuwa ameketi nyuma ya meza ndefu ya kukandia, mgongo umenyooka, penseli nyekundu mkononi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na nane na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mwanawe. Kwa miaka arobaini alikuwa akioka keki za uchumba za watu wa pale: keki bapa za duara, pana kuliko kiganja, ndani zimejaa choroko tamu zilizopondwa, juu zimepigwa muhuri mwekundu wa heri. Desturi haikuwa na ubishi. Upande wa mwanamume hutoa keki, upande wa mwanamke husema unataka maboksi mangapi, halafu bibi harusi huyagawa kwa jamaa zake ili kila mmoja ajue binti yao anaolewa. Mama Yen alijisifu kwamba ukimpa orodha ya maboksi tu, atakusomea ukoo wako wote: nani kanuniana na nani, nani ameoa mara mbili, nani anakwepwa.

Ukoo wa A-Wen ulikuwa mfupi wa kusoma. Baba hakumjua. Mama alifariki yeye akiwa na miaka sita. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyemlea, naye alikuwa amefariki mwaka juzi. Aliyebaki ni mjomba mmoja tu huko Taichung, mtu wa kupiga simu mara moja kwa mwaka.

"Shikamoo, Mama Yen."

"Marahaba. Kaa. Nilisema maboksi kumi na mawili yatatosha, nikakuongezea na la akiba. Leta nione majina."

A-Wen aliitoa karatasi. Halafu akatoa ya pili. Halafu ya tatu, na ya nne. Mama Yen alizipokea, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa mwisho moja kwa moja, mahali jumla ilipoandikwa. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta la sherehe, akavaa tena.

"Mia tatu na kumi na mbili," alisoma.

"Ndiyo, Mama."

"Maboksi."

"Ndiyo, Mama."

"Po-hsun! Njoo usome wewe, macho yangu yameanza kuona mara mbili."

Po-hsun alikuja, akachungulia begani kwa mama yake. A-Wen alimwona akiisoma jumla mara mbili. Hakuwa amemwambia idadi. Kila alipotaka kumwambia aliogopa, na sasa aliona kwamba kuogopa kwake kumezidisha mambo.

"Wewe mtoto," Mama Yen alisema polepole, "binti wa diwani aliolewa kwa maboksi mia na themanini, na wale ni ukoo unaojaza mabasi matatu. Wewe una mjomba. Hawa wengine umewaokota wapi?"

"Sijawaokota, Mama. Wao ndio waliniokota mimi."

"Usinijibu kwa maneno ya televisheni! Nimekuuliza swali la kawaida."

A-Wen alivuta pumzi. "Ni watu wa kipindi."

"Hee!" Mama Yen aliipiga meza, unga ukaruka. "Nilijua! Nilimwambia huyu tangu siku ya kwanza. Mtu anayetazamwa na kila mtu, atakuwa wako lini? Leo anakula Toucheng, kesho anakula Su'ao, nyumba yake mwenyewe itamwona saa ngapi? Mimi hicho kipindi sikijui, mimi televisheni natazama hali ya hewa tu, lakini maneno ya watu nayasikia."

"Hali ya hewa ya hapa inahitaji kutazamwa, Mama?" Po-hsun alijaribu mzaha. "Si mvua tu?"

"Nyamaza!"

Akanyamaza. A-Wen alimtazama akinyamaza, na kitu kidogo kikamchoma kifuani.

"Mama," alianza, na sauti yake haikuwa ile ya kutangaza, ilikuwa ndogo na ya kweli. "Kazi yenyewe ukiisikia ni ya kuchekesha. Miaka saba, nguo nanunua mwenyewe, mshahara ukiusikia utanihurumia. Kituo chetu ni vyumba vitatu juu ya duka la viatu. Watu niliosoma nao wako Taipei, wanapakwa poda na watu wawili. Mimi najipaka kwenye kioo cha pikipiki. Lakini Mama, nikiingia ofisini Jumatatu, meza yangu haionekani. Kabichi. Vitunguu majani. Mayai ya bata, kila moja limefungwa gazeti. Na vikaratasi: 'Umekonda, kula.' Mwenye basi la asubuhi ananisubiri nikichelewa, abiria wanamsonya, yeye anawaambia, 'Huyo mtoto wetu anakuja.' Mtoto wetu! Mimi sijawahi kuwa mtoto wa watu wengi hivyo."

Penseli ilikuwa inazunguka kati ya vidole vya Mama Yen.

"Bibi yangu alipofariki nilidhani nitakaa na maiti peke yangu. Nilinunua karatasi za kukunja maua ya mazishi, nikakaa chini, sikujua hata nianzie kona ipi. Asubuhi ya pili nikasikia viatu mlangoni. Wanawake arobaini na kitu, Mama. Wamekuja na makoti ya mvua, kila mmoja na kigoda chake. Hawakuniuliza swali. Walikaa siku saba wakikunja maua, wananiambia we lala, we kunywa uji, sisi tupo. Bibi yangu alizikwa na maua elfu mbili. Niambie, Mama, hao niwaandike nini? Wageni?"

Machozi yalikuwa yamemjaa, akayaacha yashuke.

Mama Yen aligeuza uso upande wa tanuri. Aliporudi kumtazama, macho yake yalikuwa yale yale makavu.

"Maneno mazuri," alisema. "Lakini hujui unachofanya. Anayepokea keki ya uchumba amefungwa, lazima alete zawadi kwa bibi harusi. Ndiyo desturi. Wewe unataka kuwafunga vikongwe mia tatu wanaoishi kwa vitunguu? Ndiyo shukrani yako?"

"Nimelifikiria hilo. Kila boksi litakwenda na karatasi: 'Usilete kitu. Ulishaleta.'"

"Ha! Na watu wataamini?"

"Watanigombeza. Lakini wataamini."

"Kumi na mawili," Mama Yen alisema, akaiweka penseli mezani. "Kata mpaka kumi na mawili, au posa hii tuiache hapa hapa tulipofika. Sitakubali jina la marehemu mume wangu lichekwe sokoni, eti kamwoza mwanawe kwa wilaya nzima."

Mvua ilisikika kwenye bati la nyuma. A-Wen hakumtazama Mama Yen. Alimtazama Po-hsun, na kumtazama kwake kulikuwa swali lililo wazi.

Po-hsun alijikuna shingo. "A-Wen... labda tungepunguza kidogo. Tukianza na hamsini, halafu..."

"Hamsini." Alilirudia neno hilo kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Sawa. Nikate nani, Po-hsun? Chagua wewe. Wale waliokunja maua niwaache, niwakate waliopika uji?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema kitu! Hilo ndilo linaloniuma. Mwezi wa tano ulinishika mkono pale mtoni ukaniambia unanipenda jinsi nilivyo. Basi mimi nilivyo ndiyo hivi, na hao mia tatu na kumi na wawili nyuma yangu. Mimi peke yangu sipo. Ukiwakata wao, utabaki na koti la mvua tu."

Aliinuka, akazikusanya karatasi zake. Mama alimpenda mwanawe, na mwana alimpenda mama yake, na A-Wen hakuwa mtu wa kuingia katikati ya mapenzi hayo na kuyapasua. Alikwenda msumarini kulichukua koti. Moyoni alikuwa anajiambia asilie mpaka afike kituo cha basi.

"Nitaoka mimi."

Aligeuka. Po-hsun alikuwa amesimama wima, masikio yamemwiva. Kijana yule, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumpandishia mama yake sauti, sauti yake ilikuwa imepanda.

"Mama, nisikilize. Nitaoka mwenyewe. Nikishamaliza oda za duka, naanza zangu. Ikiwa mwezi, mwezi. Ikiwa miezi miwili, miwili. Wewe usiguse hata unga. Na sokoni wakicheka waambie wanicheke mimi. Lakini huyu akitoka na koti lake hapo mlangoni, mimi natoka naye, na mvua ninyeshewe."

"Huna hata mwavuli," Mama Yen alisema.

"Ndiyo maana nasema ninyeshewe!"

Mama Yen alimtazama mwanawe. Halafu akanyoosha mkono. Hakuunyoosha kwake. Aliunyoosha kwa A-Wen.

"Lete hizo karatasi. Sijamaliza kusoma."

"Mama Yen, mimi naona..."

"Umekuja kwangu na orodha, nitaisoma. Kaa. Nitakata mwenyewe, jina kwa jina, nawe utaniambia kila mmoja ni nani. Usiponiridhisha, nakata."

A-Wen alikaa ukingoni mwa kiti, koti likiwa mapajani. Po-hsun alikwenda kwenye tanuri, akawapa mgongo, lakini masikio alikuwa ameyaacha mezani.

"Bibi Ang, wa Sanxing."

"Huyo analima vitunguu majani. Ndiye aliyenifundisha kuvimenya."

"Mm." Penseli ikasogea, ikasita, ikapita. "Mzee Khoo, wa Wujie."

"Wa bata. Wale bata walionikimbiza."

"Huyu umemwandikia anwani ya zamani," Mama Yen alisema, bado anasoma. "Wujie hayupo tena, mguu ulipomsumbua alihamia kwa binti yake Jiaoxi, si ndiyo? Boksi litampotea. Bibi Sio, wa Toucheng. Ah, huyu naye! Huyu si ndiye aliyekuchapa mkono na mwiko kwa sababu umeshika bakuli vibaya? Nilicheka mpaka chai ikanitoka pu..."

Alinyamaza ghafla.

Po-hsun alikuwa amegeuka, kitambaa cha tanuri mkononi.

"Mama," Po-hsun alisema taratibu, "hiyo nayo ilikuwa kwenye hali ya hewa?"

"Nilisikia kwa watu."

"Na Mzee Khoo kuhamia Jiaoxi?"

"Kwa watu! Watu wanaongea!"

"Kipindi cha Jiaoxi kilirushwa juzi saa sita," A-Wen alisema kwa sauti ndogo. "Watu wameongea haraka."

Mama Yen aliitupa penseli. Uso ulikuwa umemwiva, ametazama mezani, na kwa mara ya kwanza tangu A-Wen amjue alionekana mzee, mzee na mdogo kwa wakati mmoja.

"Basi natazama," alisema. "Nimewaua? Huyu saa sita anapeleka keki kwenye maduka. Natandika meza, bakuli moja, vijiti vya kulia jozi moja. Nilikuwa natandika mbili. Tangu baba yake afariki ile nyumba mchana inalia. Siku moja nikawasha tu ili pawe na sauti. Nikakuta mtoto mmoja amelowa, anakula supu kwa mtu, ana njaa kweli, si ya kuigiza. Mwisho akanigeukia akaniuliza, 'Nanyi huko nyumbani, mmeshakula?'"

Akapangusa pua kwa kiganja, unga ukabaki juu ya mdomo.

"Na mimi nikajibu. Mwenzangu, nikajibu! 'Nimekula, mwanangu, nimekula.' Mwaka wa tano huu, kila siku najibu. Hakuna mtu mwingine anayeniuliza."

Po-hsun aliinamisha kichwa. "Mama, hukuniambia."

"Nikuambie nini? Nimepata mgeni wa mchana, yuko kwenye kioo? Halafu unakuja kuniambia unataka kumwoa. Yeye! Katika wasichana wote! Nikasema haya, ndiyo basi. Akishaolewa ataacha, wote huacha, atakaa hapa akipima sukari, na ile saa sita nitaulizwa na nani? Na kama haachi, atakuwa wangu kuliko anavyokuwa wao? Nimeisoma orodha yako, nimeanza mwisho nikaisoma kwa macho mpaka mwanzo ulipokuwa unalia hapo. Mwenye basi yumo. Muuza viatu yumo. Bata nusura wawemo! Mimi nimekula nawe miaka mitano na jina langu halimo."

A-Wen akasema, kwa upole wote aliokuwa nao, "Mama, lakini mama mkwe haandikwi kwenye orodha ya bibi harusi."

"Najua haandikwi!" Mama Yen alifoka, machozi yanamtoka sasa bila kificho. "Nimeoka keki hizi miaka arobaini nisijue? Najua! Nilitaka tu kuangalia."

Hapo A-Wen alizunguka meza. Hakuwa amewahi kumgusa mama huyu, hata mkono tu. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye unga, akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya Mama Yen, penye upindo wa sweta la sherehe.

"Sitaacha kazi, Mama," alisema. "Lakini nitakuja kula hapa. Tunarekodi asubuhi, saa sita yenyewe huwa niko huru. Nitakuuliza ana kwa ana."

"Na kwenye televisheni utakuwa unaniuliza vilevile?"

"Vilevile."

"Nitajibu wapi sasa?"

"Jibu kote kote, Mama," Po-hsun alisema.

Mkono mzito wa Mama Yen ulishuka juu ya nywele za A-Wen, ukakaa hapo, ukazipapasa mara moja, mara mbili, kwa namna ya mtu anayejaribu kama mkate umeiva. Halafu harufu ya ufuta ilijaa chumbani na Po-hsun akaruka kwenye tanuri akipiga kelele, akavuta sinia. Keki sita za majaribio, muhuri mwekundu umekaa sawasawa, pembeni zimeiva rangi ya dhahabu.

"Zimeungua?" mama yake aliuliza bila kuinuka.

"Bado kidogo zingeungua."

"Mia tatu na kumi na mbili utaweza wapi, na sita tu zinakushinda? Utaniharibia jina. Chukua lile pipa kubwa uloweke choroko, na ukimaliza lioshe la pili. Nitasimamia mwenyewe."

A-Wen aliinuka, akajifuta macho, akacheka na kulia kwa pamoja. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Keki zilikuwa zinatoa mvuke mbele yake, na Po-hsun alikuwa anamtazama kwa yale macho yake. Akanyoosha mkono kwenye sinia.

Paa! Kofi la Mama Yen likatua juu ya vidole vyake.

"Toa mkono! Bibi harusi haonji keki zake mwenyewe, atakula bahati yake yote. Hukufundishwa na mtu?"

"Sikufundishwa, Mama."

"Basi nimekufundisha," Mama Yen alisema, akazifunika zile keki kwa kitambaa. "Kaa hapo, nikupashie wali."